Nyasi za Shimo la Saba

Simu ilinikuta jikoni nikipepeta mchele. Aliyepiga alikuwa Mary, mke wa mwana mkubwa wa Rusalina, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia akaanza kuhesabu viti. Akaniambia Mama ametuacha, mazishi ni Jumamosi huko kijijini kwake Kano. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulielewa. "Mama alisema usikose. Kuna kazi iko hapa, alisema ni yako peke yako, mtu mwingine asiguse." Nikamuuliza ni kazi gani. "Utaiona mwenyewe. Ata mimi nilikuwa nafikiria ni maneno ya ugonjwa." Nikakaa kitako na ungo wangu mapajani. Nililia, siwezi kukataa, lakini katikati ya kilio hasira pia zilinipanda, kwa maana kati yangu na Rusalina kulikuwa na neno moja ambalo hatukuwahi kulimaliza. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulikutana sokoni Kibuye, mimi nikitoka Luanda Kotieno na samaki wangu, yeye na mchele wake wa Kano. Tukashikana mikono, tukaulizana watoto, tukaachana. Nyumbani kwake hakuwahi kunialika, nami sikuwahi kuomba kualikwa. Sasa ameniita wakati hawezi tena kunijibu.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani nayaacha, hayakunisaidia mwaka ule na hayatausaidia ukurasa huu. Nilikuwa na miaka ishirini, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na nilikuwa nimepanga chumba Nyalenda pamoja na Rusalina. Yeye alikuwa na umri wa kuwa mama yangu. Alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza wa boma lake, na alikuja mjini kutafuta kibarua cha kusomesha watoto, kila mwisho wa mwezi akirudi Kano. Chumba chetu kilikuwa cha udongo, bati juu, dirisha la ubao lililofungwa kwa kamba. Kitanda kilikuwa kimoja, chake. Mimi nililala kwenye mkeka. Sufuria ilikuwa moja na sahani mbili. Jioni tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, siku nyingine mboga ya apoth inayoteleza, na tulipomaliza tulinyamaza tuwasikilize majirani wa upande wa pili wa ukuta wakigombana, halafu sisi tunaamua kesi. "Huyu mwanaume anadanganya," Rusalina angesema akilamba vidole. "Lakini bibi yake pia ana mdomo." Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula hoteli kubwa.

Kazi yetu ilikuwa juu kwenye kilima kilicho mgongoni mwa mji, katika klabu moja ya gofu ambayo jina lake siliandiki. Si kwa kuogopa. Wao hawakuwahi kuliandika langu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi trela ya trekta ilituchukua Kondele, wanawake tisa tumekaa juu ya magunia, ikatupandisha polepole mpaka ziwa likawa chini yetu lote, na upande wa pili mashamba ya Kano. Wakubwa wa Milimani, mtaa wa matajiri, walipanda kwa magari yao na kuingia kwa mlango wa mbele, penye baraza pana lililopakwa rangi nyekundu. Sisi tulipita nyuma, kwenye kijia cha jikoni. Ilikuwa sheria: kibarua hakanyagi baraza. Mashimo yalikuwa tisa, na kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga mweusi uliochanganywa na oili chafu ya magari ukashindiliwa, kwa sababu tangu zamani ilisemekana kuwa nyasi nzuri haziwezi kushika mlimani pale, penye mawe na jua. Hayo maduara waliyaita brauni. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, kazi ilikuwa kuyachimbua, kuyachekecha na kuyamwagia oili upya, na jioni tulishuka mikono ikinuka kama gereji.

Mwaka ule komiti iliamua kuondoa brauni zote na kupanda nyasi. Nyapara wetu, Mzee Okeyo, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, alitusimamisha nyuma ya stoo akatutangazia. "Komiti imesema hivi. Kila shimo itakuwa na mwenyewe. Siku ya kufungua, yule nyasi yake imeshika kushinda zote, ataandikwa permanent. Anapewa gambuti, anapewa mashine ya kukata nyasi, na jina yake inaingia kwa kitabu." Wanawake wakaguna. Nyasi! Maisha yetu yote tulikuwa tukizing'oa katika mtama na kuzilaani, na ombugu, lile gugu lisilokufa, lilikuwa limewavunja mama zetu migongo. Sasa tuje tuzipande? Rusalina alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Niliyasikia maneno mawili tu, permanent na mashine, nikayashika. Mwanamke alikuwa hajawahi kushika mashine ile. Nilipewa shimo la saba, lililo mbali kuliko yote, kwenye bega la kilima ambako upepo unakausha hata mate mdomoni.

Mbegu zilifika kwa lori, zimefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa: vipande vya nyasi laini, vyembamba kama nyuzi, kila kipande na vifundo vyake. Bwana Katibu, aliyeendesha mambo ya klabu, alivaa soksi ndefu na alizungumza nasi kupitia kwa nyapara hata tulipokuwa tumesimama mbele yake. Alisema zipandwe siku hiyo hiyo. Tukapewa amri ya kuvua viatu tusiharibu udongo, tukavua. Mzee Okeyo akapiga makofi. "Haya, pandeni!" Hakuna aliyeinama. Wanawake wote walimtazama Rusalina, na Rusalina akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Nani ametoa kodhi?" akauliza.

Kwetu sisi Wajaluo mbegu haitupwi ovyo. Kila msimu mwenye boma na mkewe wa kwanza ndio huanza, na hiyo ndiyo golo kodhi, kuitoa mbegu. Wakishaanza wao, wana na wake za wana wanafuata. Atakayetangulia ameleta chira, na chira haichagui: inaweza kumpata yeye, mtoto wake, au mvua yenyewe ikakataa kushuka. Mzee Okeyo aliyajua haya vizuri, naye ni Mjaluo, na nilimwona akivua kofia akijikuna.

"Rusalina, hii si boma. Hii ni klabu."

"Watu wanakula hapa?"

"Wanakula."

"Wanakunywa?"

"Sana."

"Basi ni boma. Mwenye boma ni nani?"

"Ni komiti."

"Na komiti ana bibi?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyesimama. Mwishowe nyapara alienda kwa Bwana Katibu na maneno ya Rusalina: mke wa mwenyekiti aje aweke nyasi ya kwanza tu, mara moja, halafu sisi tutamaliza. Tukamwona Katibu kwa mbali akirusha mikono. Jibu lilirudi kwamba mke wa mwenyekiti yuko Nairobi, kwamba siku za kazi wake za wanachama hawaingii uwanjani, na kwamba hii ni gofu, si kilimo cha wimbi. Rusalina akasema sawa, tutangoja. Alikuwa na haki. Nasema leo nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile: alikuwa na haki. Walitaka mikono yetu bila vichwa vyetu, naye aliwaambia vinakuja pamoja.

Lakini mbegu haikujua nani ana haki. Kufikia saa sita niliingiza mkono katika gunia langu nikakuta joto ndani, joto la uji uliotoka kuepuliwa, na harufu imeanza kugeuka. Nilizungusha macho. Nilijiambia: nyasi hizi zikifa, hakuna shimo la saba, hakuna mashine, hakuna jina kwenye kitabu, nami nitabaki kupika omena kwenye sufuria ya mtu mpaka nizeeke. Nikabeba gunia mpaka saba. Nikapiga magoti, nikatoboa udongo kwa kidole, pingili mbili kwenda chini, nikachomeka kipande cha kwanza nikakishindilia kwa kiganja. Nilikuwa msichana asiye na mume wala boma, nami nimewatangulia wake za watu. Nyuma yangu mtu alisema, "Wuololo!" Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakachukua magunia yao, kwa sababu mwiko ulikuwa umekwisha kuvunjwa na mzigo wake ulikuwa na mwenyewe. Rusalina alikuwa wa mwisho kusimama. Alinipita bila kunitazama usoni. "Mvua ikikataa," alisema, "tunajua nani tutauliza."

Mvua ikakataa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawingu yalikusanyika upande wa Uganda kila alasiri, yakanguruma, yakaenda kunyeshea watu wengine. Chumbani kwetu Nyalenda Rusalina alifunga leso katikati akaniacha upande wa mlango. Akanunua sufuria nyingine ndogo. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe: nilimsikia akikoroga, akipakua, akilamba vidole, na majirani wakigombana bila hakimu. Kupitia ukuta nilisikia mke wa jirani akimwambia mwenzake, "Huyo msichana wa hapo ndio amefunga mvua." Niligonga sufuria kwa mwiko ili ajue nimesikia. Sikuomba msamaha, na sikuwa na mpango wa kuomba.

Klabu ilikuwa na tangi la maji, lakini Bwana Katibu aliamuru yamwagwe kwenye shimo la kwanza na la tisa tu, yale yanayoonekana kutoka barazani. Mengine yangoje Mungu. Chini ya bega la saba, kwenye mawe, kulikuwa na chemchemi ambako wanavijiji walichota. Saa kumi kazi ilipoisha na trela ikinguruma kushuka, mimi nilibaki. Nilichukua mitungi miwili iliyokuwa ya oili, nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikapanda na kushuka mpaka jua lilipogusa ziwa, halafu nikashuka kilima kwa miguu mpaka Nyalenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimevua zamani. Mzee Okeyo aliponikuta alisema ni marufuku kubaki baada ya saa za kazi. Nikamwambia aniandike. Akasimama akiangalia mitungi. "Usimwage mchana," akasema mwishowe. "Jua itachemsha mizizi." Akaenda zake. Nafikiri ndiyo ilikuwa namna yake ya kunikatalia.

Mvua iliposhuka, mwishoni mwa Aprili, la kwanza na la tisa yalikuwa na mabaka, sita yalikuwa yamekauka kama nywele za mgonjwa, na la saba lilikuwa kijani kotekote. Nyapara alilala kifudifudi akalitazama kwa usawa wa jicho, akapitisha kiganja, akacheka peke yake. Kwa amri ya Katibu tukakata vipande pembeni mwa saba tukapanda upya mashimo mengine yote. Nyasi zote za klabu ile, mpaka leo kama zipo, ni watoto wa saba. Mimi niliwapimia wenzangu magunia. Rusalina alipofika zamu yake nilimjazia kuliko wote, kwa makusudi, nikitaka aseme kitu. Akasema, "Inatosha," akaondoka.

Siku mbili kabla ya ufunguzi tulikuwa tukipalilia maua chini ya dirisha la baa, mimi na yeye upande mmoja, kwa bahati mbaya. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanachama mmoja aliuliza ni nani aliyefanya la saba. Sauti ya Bwana Katibu ikajibu ni mtaalamu aliyeleta mbegu. "Lakini nasikia kuna msichana." "Ah, kuna kibarua fulani wa Nyalenda. Huyo tutampa sukari na leso. Mashine ataishika kijana wa dereva wangu, tayari nimemwandika. Utamweka mwanamke kwenye mashine?" Glasi zikagongana, mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya barabara. Niliacha kupalilia. Rusalina aliendelea kung'oa magugu, lakini aling'oa na ua moja zima, akaliangalia, akalirudisha udongoni kwa uangalifu. Kesho yake asubuhi nikaona leso iliyotugawanya imefunguliwa, imekunjwa na kuwekwa juu ya mkeka wangu.

Siku ya ufunguzi tulipangwa nyuma ya jikoni, safi, tungoje kuitwa tupigiwe makofi. Sikungoja. Nilichukua jembe na gunia nikaenda la saba. Wachezaji wanne walikuwa wamesimama pale na viatu vyao vyenye misumari chini, juu ya udongo ambao sisi tuliukanyaga peku tusiuumize. Nikawaambia, "Samahani, pisheni," nao wakapisha, nafikiri kwa mshangao. Nikakata kipande mraba, ukubwa wa sinia, katikati kabisa, hatua mbili kutoka kwenye shimo, nikakikunja na udongo wake nikakitia guniani. Mmoja akaita kwa sauti. Nilitembea uwanja mzima mbele ya macho yao, nikafika kwenye baraza jekundu, nikalipanda na miguu yenye matope. Bwana Katibu alisimama na glasi yake.

"Wewe! Unajua uko wapi?"

"Najua," nikamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye bila nyapara katikati. "Niko juu ya mlima ambao mlisema hauoti nyasi. Jina langu ni Awino. La saba ni mimi. Sukari yako mpe mtaalamu."

Akamwita askari wa lango. Gunia lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, sitawadanganya. Hapo nikasikia mtu akipanda ngazi nyuma yangu, peku, bila haraka. Rusalina alikuwa amevua aprini ya klabu. Aliiweka juu ya meza, kando ya keki, akageuka akanishika bega. "Lete hiyo mzigo," akasema. "Wewe hujui kubeba na kichwa." Akajitwika gunia langu, tukateremka kwa barabara ya mbele, ile ya magari, yeye mbele mimi nyuma, na askari alitufungulia lango kama wageni. Watu husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Aliyesema hivyo hajawahi kupanda nyasi.

Tulifika Kondele. Kazi hatukuwa nayo tena, mimi wala yeye mwenye watoto shuleni, na uzito wa jambo hilo nilikuja kuuelewa baadaye. Mimi sikuwa na kiwanja hata cha kupanda kitunguu, kwa hiyo nikamwambia achukue gunia, apande kwake. "Mimi sipandi kitu ilianzwa na msichana," akanijibu, amekunja uso. "Nitapea mbuzi." Kesho yake akaenda Kano, mimi nikashika njia ya Luanda Kotieno kuanza biashara ya samaki. Ndilo neno lililobaki kati yetu. Miaka yote nilidhani mbuzi wa Rusalina alikula mwaka wangu mzima kwa asubuhi moja.

Jumamosi niliingia lango la boma lake nikasimama. Uwanja wote, kutoka langoni hadi nyumba kubwa, chini ya mahema na viti na miguu ya waombolezaji, ulikuwa nyasi laini, nyembamba kama nyuzi, kila kipande na vifundo vyake. Ningezijua gizani kwa kiganja. Mary alinikuta hapo nikiwa nimeziba mdomo. "Nilipoolewa niliikuta," akasema. "Mama alikuwa anasema yeye hakupanda. Aliweka gunia chini nyuma ya nyumba ya mbuzi, mvua ikanyesha, ikashika yenyewe, ikatembea yenyewe. Lakini mbuzi wakiikaribia, alikuwa anawafukuza na mawe. Na tukitaka kuhamisha kidogo tupande mahali pengine, anakataa. Anasema hii ina mwenye kuianza, na si yeye."

Walipomaliza kuzika na udongo ukasawazishwa juu ya kaburi, Mary aliniletea karai lililojaa vipande vya nyasi vilivyofunikwa kwa gunia bichi. Wake za wana, wajukuu, majirani, wanawake wengi, walisimama kando, na hakuna aliyesogea. Mzee mmoja wa ukoo alikohoa, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu ni nani katika hii boma, ndio aanze?"

Mary alifungua kinywa. Nikamtangulia. "Mimi ndiye nilianza, Jaduong'," nikasema. "Uliza mwenye kaburi."

Nikavua viatu. Magoti yangu siku hizi yanalalamika, lakini nilipiga magoti, nikatoboa udongo kwa kidole, pingili mbili kwenda chini, nikachomeka kipande cha kwanza upande wa kichwa chake nikakishindilia kwa kiganja. Nikapanda mstari mmoja mzima, bila haraka, na wote wakangoja. Kisha nikageuka nikawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine.

"Haya," nikawaambia. "Vueni viatu. Sasa pandeni."